Leseni za vileo na upelekaji wa pombe nyumbani (Simiyu)

Upelekaji wa vileo nyumbani ni biashara ambayo mnunuzi huagiza bia, mvinyo, pombe kali au kinywaji kingine chenye kilevi akiwa nyumbani kwake, na muuzaji humfikishia kwa miguu, baiskeli, pikipiki au gari. Tanzania Bara haina sheria inayohusu biashara hiyo peke yake. Inaongozwa na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 (Sura ya 77 ya sheria za Tanzania), ikisomwa pamoja na sheria za mauzo ya bidhaa, ulinzi wa mtoto, kodi, viwango na usafirishaji.

Sheria ya mwaka 1968 ilitungwa wakati ambapo mtu aliyetaka bia aliifuata baa. Kwa hiyo leseni yake humhusu mtu fulani katika jengo fulani, wala haizungumzii chupa iliyo njiani. Kutokana na hali hiyo, swali kubwa la kisheria katika upelekaji wa pombe nyumbani ni mahali ambapo mauzo yanahesabiwa kuwa yamefanyika: dukani au mlangoni kwa mnunuzi.

Makala hii inaeleza sheria hizo kwa mifano ya mkoa wa Simiyu na mji wa Bariadi.

## Mkoa na soko lake

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Sehemu kubwa ya eneo lake ilitoka mkoa wa Shinyanga, na Busega ilitoka wilaya ya Magu mkoani Mwanza. Makao makuu ni Bariadi. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa ulikuwa na wakazi 2,140,497. Kuna wilaya tano, yaani Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, lakini halmashauri ni sita, kwa kuwa wilaya ya Bariadi ina Halmashauri ya Mji na Halmashauri ya Wilaya. Jambo hilo lina maana kwa mfanyabiashara wa vileo: leseni hutolewa na halmashauri, na duka lililo mjini Bariadi liko chini ya halmashauri tofauti na duka lililo Dutwa, ingawa wilaya ni moja.

Bia nyingi inayouzwa mkoani hutoka Mwanza, ambako Tanzania Breweries Limited na Serengeti Breweries Limited zina viwanda, na hupita barabara ya Lamadi. Mauzo hufuata msimu wa pamba. Wakulima wakishalipwa, minada huchangamka, na baa, grosari na vilabu vya pombe za kienyeji navyo hujaa. Kuagiza pombe hadi nyumbani hufanyika zaidi mjini, na njia yake ni ya kawaida kabisa: mteja humpigia simu mwenye grosari anayemfahamu, hutuma fedha kwa simu, na bodaboda huleta kreti. Aliyeagiza bia ya chupa hutakiwa kumpa dereva chupa tupu au kulipia kreti.

Msomaji asiye wa Tanzania aelewe kwamba neno *grosari* hapa halimaanishi duka la vyakula. Ni duka dogo la vinywaji, na mara nyingi lina viti barazani.

## Historia

Udhibiti wa pombe katika nchi hii ulianza kwa ubaguzi. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliyataka madola yaliyotawala Afrika ya kitropiki kuzuia au kutoza ushuru vinywaji vikali vilivyoletwa kutoka nje. Tanganyika ilipowekwa chini ya Uingereza kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, hati ya udhamini ya mwaka 1922 ilimtaka mtawala asimamie kwa ukali biashara ya silaha na uuzaji wa vinywaji vikali. Kwa sehemu kubwa ya zama hizo Mwafrika hakuruhusiwa kununua pombe kali ya Kizungu, huku pombe ya nafaka ikisimamiwa kwa kanuni nyingine. Mijini serikali za mitaa zilikusanya wanywaji katika vilabu maalumu, ambavyo vilikuwa pia chanzo cha mapato. Jina *kilabu cha pombe* limebaki hadi leo.

Baada ya uhuru Bunge lilitunga sheria mbili ambazo bado zinatajwa mahakamani. Ya kwanza ni Sheria ya Moshi Na. 62 ya mwaka 1966, inayohusu pombe iliyochemshwa na kukingwa mvuke, ambayo watu huiita gongo. Ya pili ni Sheria ya Vileo Na. 28 ya mwaka 1968, ambayo iliweka bia ya kiwandani na pombe ya kienyeji katika sheria moja, bila kuuliza rangi ya mnywaji.

## Aina za leseni

Sheria ya Vileo inakataza mtu yeyote kuuza kileo bila leseni. Leseni zenyewe ni za aina nyingi. Kuna leseni ya jumla, ya hoteli, ya mgahawa, ya klabu ya wanachama, ya pombe za kienyeji, na leseni ya muda kwa shughuli maalumu. Kwa makala hii zilizo muhimu ni mbili za rejareja. Moja humruhusu muuzaji kuuza kileo kinachonywewa palepale, nayo ni leseni ya baa. Nyingine humruhusu kuuza kileo ambacho mnunuzi hukichukua na kwenda kukinywea kwingine. Hiyo ndiyo leseni inayopaswa kuwa ya grosari. Katika orodha hiyo hakuna leseni ya kupeleka nyumbani.

Tofauti ya leseni hizo mbili hupuuzwa sana. Mwenye leseni ya kuuza kwa kuchukua anayeweka benchi na kufungua chupa kwa wateja anaendesha baa, hata kama kibao mlangoni kimeandikwa grosari. Kwa upande mwingine, leseni ya kuchukua ndiyo iliyo karibu zaidi na biashara ya kupeleka nyumbani, kwa sababu tangu mwanzo inategemea kwamba kinywaji kitaondoka dukani kikiwa kimefungwa.

Saa za kuuza hutegemea aina ya leseni. Kwa baa za kawaida, utaratibu unaotangazwa na halmashauri nyingi ni saa 10 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na saa 8 mchana hadi saa 6 usiku mwishoni mwa wiki na siku za sikukuu. Kupokea oda kwa simu hakuongezi saa hizo. Baa iliyofunga saa 5 usiku haipati ruhusa ya kuendelea kuuza kupitia dirisha la nyuma kwa sababu tu mnywaji yuko nyumbani.

## Kupata leseni

Maombi hupelekwa katika halmashauri ambamo jengo limo. Kwa kawaida mwombaji hupitia kwa mtendaji wa mtaa au kijiji na wa kata, na afisa afya hukagua jengo: vyoo, maji, hewa na usafi. Polisi nao hutoa maoni, na malalamiko ya majirani husikilizwa, hasa pale jengo linapokuwa karibu na shule au nyumba ya ibada. Mwombaji anatakiwa kuwa na namba ya mlipakodi (TIN) kutoka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Siku hizi halmashauri hupokea maombi na malipo kupitia mfumo wa mtandao uitwao TAUSI, kwa hiyo mwombaji wa Mwanhuzi au Lagangabilili anaweza kuanza maombi kwenye simu, lakini ukaguzi wa jengo bado hufanywa kwa macho.

Leseni za vileo hufuata vipindi vya nusu mwaka: 1 Aprili hadi 30 Septemba, na 1 Oktoba hadi 31 Machi. Wafanyabiashara wengi hujikwaa hapo. Leseni ya kawaida ya biashara, chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, ina muda wake tofauti, na mtu anaweza kuwa na leseni hai ya duka huku leseni yake ya vileo imekwisha. Leseni ya duka la bidhaa mchanganyiko haimruhusu mtu kuuza hata chupa moja ya bia.

Halmashauri zina pia uwezo wa kutunga sheria ndogo chini ya sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982: Na. 7 kwa mamlaka za wilaya na Na. 8 kwa mamlaka za miji. Anayepeleka pombe kutoka Bariadi mjini hadi kijiji cha halmashauri ya jirani anavuka mpaka wa sheria hizo ndogo, na anapaswa kuzifahamu za pande zote mbili.

## Mauzo hufanyika wapi?

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa (Sura ya 214), iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, inaeleza ni wakati gani bidhaa inakuwa mali ya mnunuzi. Kwa bidhaa zilizoagizwa kwa maelezo tu, kama vile "kreti moja ya bia", umiliki huhama pale muuzaji anapotenga bidhaa hizo kwa ajili ya oda ile kwa ridhaa ya mnunuzi. Kumkabidhi msafirishaji ili azipeleke kwa mnunuzi, bila muuzaji kujibakizia haki juu yake, kunahesabiwa kuwa ni kutenga. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo inatambua makubaliano yaliyofanywa kwa ujumbe wa simu au mtandao.

Kwa kusoma sheria hizi pamoja na ile ya vileo, mifano mitatu inaonyesha tofauti.

Mteja wa mtaa wa Somanda anapiga simu grosari yenye leseni, analipa kwa simu, na mwenye duka anatoa kreti na kumkabidhi bodaboda. Mauzo yamekamilika ndani ya jengo lenye leseni. Dereva anabeba mali ya mteja, kama ambavyo angebeba mfuko wa saruji.

Katika mfano wa pili mteja hajalipa. Atalipa mzigo ukifika. Hapa mambo huwa magumu. Ikiwa mwenye duka amemwambia dereva asiachie kreti mpaka apewe fedha, basi amejibakizia haki juu ya mali ile, na umiliki haujahama. Mkaguzi anaweza kusema kwamba mauzo yalifanyika mlangoni, mahali pasipo na leseni. Ndiyo sababu malipo ya kabla, yenye ujumbe wa muamala na risiti iliyotolewa dukani, humlinda muuzaji kuliko fedha taslimu mlangoni.

Mfano wa tatu ni wa dereva anayenunua chupa kumi kwa fedha zake, akaziweka kwenye begi, na kuzunguka mitaani au kwenye mnada akiuza. Huyo ni muuzaji asiye na leseni. Haimsaidii kwamba alinunua kwenye duka lenye leseni, wala kwamba wateja wake walimpigia simu.

Uingereza ililitatua jambo hili waziwazi katika Sheria ya Leseni ya mwaka 2003: pale mahali pa kuuzia na mahali pa kutengea vinapotofautiana, mauzo huhesabiwa kuwa yamefanyika pale kinywaji kilipotengwa kwa ajili ya oda, kwa hiyo ghala ndilo linalohitaji leseni. Sheria ya Tanzania haina kifungu cha namna hiyo, na mfanyabiashara hulazimika kutegemea kanuni za jumla za mauzo.

## Wajibu wa dereva

Bodaboda anayebeba kinywaji kwa malipo yuko chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 na masharti ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Anatakiwa kuwa na leseni ya udereva, bima na kofia ngumu, na pikipiki yake iwe na leseni ya usafirishaji wa biashara. Kiwango cha juu cha kilevi kwa dereva ni miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Kampuni inayofanya kazi ya kukusanya na kusambaza vifurushi vya watu wengine huingia pia katika leseni za usafirishaji wa vifurushi zinazotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Kwa hali halisi, dereva ndiye anayekutana na askari, wakati mwenye duka amekaa dukani. Akiwa na risiti yenye jina la duka, tarehe na idadi ya chupa, anaweza kueleza mzigo ni wa nani. Asipokuwa nayo, chupa 24 kwenye pikipiki usiku zinafanana sana na biashara isiyo na leseni. Risiti ya mashine ya kielektroniki ni wajibu wa kodi wa muuzaji, lakini kwa dereva ni kinga pia.

## Watoto

Njia ya zamani zaidi ya kupeleka pombe nyumbani ni mtoto anayetumwa na mzazi: "Nenda kwa mama fulani, mwambie akupe bia mbili za baba." Katika nyumba nyingi jambo hilo halionekani kuwa kosa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, inakataza kumwuzia mtoto vileo, na inawataka wenye baa na kumbi za disko wasimruhusu kuingia. Sababu ya kutumwa haigeuzi umri wake. Muuzaji anayempa mtoto chupa kwa sababu anamfahamu baba yake bado amemwuzia mtoto.

Oda ya simu ina hatari hiyohiyo kwa upande wa pili. Sauti haionyeshi umri, na simu iliyotuma fedha inaweza kuwa ya mzazi. Mlango ndio mahali pekee ambapo mtu anaonana na mtu, na anayefanya uamuzi pale ni dereva, si mwenye leseni. Ukaguzi wa kweli ni dereva kumwona mtu mzima, kuomba kitambulisho cha Taifa (ambacho hutolewa kwa waliotimiza miaka 18) pale anapokuwa na shaka, na kurudisha mzigo akikuta watoto peke yao. Kumwachia mzigo mtoto "ampe baba akirudi" hakukubaliki, hata kama chupa zimekwisha kulipiwa.

Muuzaji anayehifadhi majina, namba na anwani za wateja wake anaguswa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Orodha ya nani hunywa nini na siku gani si kitu cha kupitishwa mitaani.

## Kinywaji chenyewe

Leseni ya duka haihalalishi kinywaji kisicho halali. Tangu mwaka 2019 TRA imetumia stempu za kodi za kielektroniki kwenye bia, mvinyo na pombe kali, na mnunuzi anaweza kuikagua stempu kwa programu ya simu iitwayo Hakiki Stempu. Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo mwaka huohuo lilichukua usimamizi wa usalama wa chakula kutoka iliyokuwa TFDA, huthibitisha ubora na kusajili majengo. Aliyeletewa chupa nyumbani hana nafasi ya kuichagua rafuni, kwa hiyo kuangalia stempu na kizibo kabla dereva hajaondoka ni jambo la maana.

Pombe kali ya vifuko vya plastiki, maarufu kama viroba, ilipigwa marufuku kuanzia 1 Machi 2017, baada ya tangazo la Waziri Mkuu Kassim Majaliwa la Februari mwaka huo. Viroba vilikuwa rahisi kubeba na kuficha, na vilifika hadi mikononi mwa wanafunzi. Marufuku hiyo ilihusu kifungashio. Pombe kali ya chupa iliendelea kuuzwa.

Gongo ni suala jingine. Kuitengeneza, kuimiliki au kuiuza kinyume cha Sheria ya Moshi ni kosa la jinai, na kuipeleka nyumbani kwa mtu ni kushiriki katika kosa hilo. Zaidi ya sheria kuna sumu: uchemshaji usio na vipimo unaweza kuacha methanoli, ambayo hupofusha na kuua. Methanoli haina harufu inayomwezesha mnywaji kuitambua.

## Pombe za kienyeji

Pombe ya mtama na ya mahindi ina nafasi yake katika maisha ya Wasukuma: katika arusi, matambiko, na kualika majirani kulima au kuvuna. Kumkaribisha mtu kinywaji bila kumtoza hakuhitaji leseni, kwa kuwa hakuna mauzo. Leseni inahitajika pale pombe inapopikwa kwa ajili ya kuuzwa, na wanaoguswa zaidi ni wanawake wanaopika nyumbani na kusomesha watoto kwa kazi hiyo. Pombe hiyo haina kizibo, haina stempu, na huendelea kuchacha ndani ya ndoo. Kuibeba kwenye madumu hadi kwa mteja ni vigumu kuilinganisha na kupeleka chupa iliyofungwa. Kwa mpishi mdogo, kuuza katika kilabu chenye leseni ya pombe za kienyeji ndiyo njia iliyo wazi kisheria.

## Harusi na sherehe

Shehena kubwa zinazofika majumbani si oda za mtu mmoja bali ni za harusi, kipaimara na sherehe za kuaga bibi arusi. Kamati hununua kreti kwa muuzaji wa jumla, mara nyingi kwa makubaliano kwamba zisizofunguliwa zitarudishwa. Wageni wakinywa bure nyumbani, aliyeuza ni muuzaji wa jumla, na leseni yake inatosha. Hali hubadilika pale wageni wanapouziwa chupa ukumbini, au familia inapofungua kaunta ya vinywaji ili kupunguza gharama. Hayo ni mauzo ya rejareja katika eneo lisilo na leseni, na yanahitaji leseni ya muda kutoka halmashauri kabla ya siku ya sherehe.

## Nchi jirani na Zanzibar

Udhibiti wa vileo si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake na bodi yake, na leseni ya Bariadi haina nguvu huko.

Nchini Kenya, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 ilikaza saa za baa. Upelekaji nyumbani ulikua haraka mwaka 2020, baa zilipofungwa kwa ajili ya UVIKO-19 hadi mwishoni mwa Septemba, na mnywaji aliyezuiwa kwenda baa akawa anafuatwa na chupa kwake. Tanzania haikufunga baa kwa namna hiyo, na hiyo ni sababu mojawapo ya biashara hii kubaki ya simu na bodaboda katika miji kama Bariadi. Julai 2025 serikali ya Kenya ilizindua sera ya taifa iliyopendekeza kupandisha umri wa kunywa kutoka miaka 18 hadi 21 na kupiga marufuku uuzaji wa pombe mtandaoni pamoja na upelekaji wake nyumbani, hoja mojawapo ikiwa ni ugumu wa kuthibitisha umri wa anayepokea. Sera si sheria, na mapendekezo ya namna hiyo huhitaji kutungiwa sheria kabla ya kutumika mahakamani.